Chupa Isiyotaja Umri

Nilitumwa mkate tu. Mke wangu alisema mkate, na balbu ya jikoni, na nisirudi na hadithi. Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa na kandambili na fulana ya nyumbani inayolibana tumbo langu kama foronya iliyovishwa gunia, na laiti ningeizima simu, leo ningekuwa bado naijua ladha ya mkate.

Aliyepiga ni shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye baa ile ya kona. Kapata mtu anayeuza wiski ya hali ya juu, akataka niionje kabla hajaagiza. Yeye hanywi. Vidonda vya tumbo vimemgeuza mwenye baa anayekunywa maziwa, jambo ambalo sijawahi kuacha kumcheka. Kwa hiyo mimi ndiye ulimi wa ukoo. Tena ndiyo kazi yangu: waagizaji wa vinywaji huniita niwaambie kilichomo kwenye glasi, na kazi hiyo imenizungusha nchi ambazo mpaka leo siwezi kuyatamka majina ya viwanja vyao vya ndege. Kote huko utaratibu ni uleule. Unanusa, unaweka mdomoni, unazungusha, unatema. Anayemeza si mwonjaji, ni mlevi mwenye maelezo mengi.

Ni huko kutema ndiko kulikoniponza.

Muuzaji alikuwa amekodi chumba chini ya ghorofa la zamani, kilichowahi kuwa kliniki ya meno. Kiti cha mgonjwa kilikuwa bado kipo, ngozi imepasuka, sifongo imechungulia. Kando yake lilisimama lile beseni dogo jeupe la kutemea, na ufa mweusi umezunguka tundu lake. Chumba kizima kilinuka karafuu. Nikajiambia ni dawa za meno za zamani zilizoganda ukutani.

Nikakaa kwenye kile kiti, maana kingine hakikuwepo, nikamwambia shemeji nikitoka hapa kibogoyo yeye ndiye atakayemweleza dada yake.

Shemeji alicheka. Mwenye chupa hakucheka.

Alikuwa mtu mrefu, suti safi, adabu tele. Ila mdomo wake... midomo ilikuwa imekauka ikabanduka kama rangi ya ukuta. Kila alipotaka kusema, ulimi ulijitoa kwenye kaakaa kwa sauti ndogo, kama plasta inayobanduliwa kidondani. Hakukuwa na tone la mate mle ndani. Nikageuza macho, nikaitazama chupa.

Na chupa ilikuwa nzuri, sikatai. Nzito, kizibo cha mbao, lebo ya dhahabu. Wiski ya kimea cha shayiri tupu, ya kiwanda kimoja. Kila kitu kiliandikwa isipokuwa umri. Hilo peke yake si kosa. Viwanda vyenye heshima huchanganya mapipa yao machanga na makongwe, na kwa kuwa wangelazimika kutaja umri wa lile changa kuliko yote, wanaona heri wanyamaze. Shangazi yangu alifanya hivyohivyo maisha yake yote, na hakukosa wachumba.

Nikamuuliza ina miaka mingapi.

"Inategemea," akasema. "Waliochangia ni wengi."

Nikadhani anazungumzia mapipa.

Alinimiminia. Nikanusa. Asali. Zabibu kavu. Ngozi ya kiatu kipya. Nikamtazama shemeji nikamkonyeza, maana pua yangu ilikuwa imeshafurahi.

Kisha vidole vyangu vikahisi glasi.

Ilikuwa na joto. Si joto la chumba. Joto la kwapa.

Nikapiga funda. Ililainika mdomoni, ikalainika mno, ikawa kama inajizungusha yenyewe bila kungoja ulimi. Nikatema kwenye beseni. Sikufikiri, kama vile wewe usivyofikiri unapokohoa. Yale mate ya kahawia yakazunguka ule ufa, yakaingia tunduni.

Kimya.

Kisha, chini ya sakafu...

Tone.

Tone.

Haikuwa sauti ya bomba. Ilikuwa sauti ya kitu kinachoangukia ndani ya mbao, ndani ya pipa lililokaribia kujaa. Mwenye chupa aliinamisha kichwa akasikiliza, kama mama anayesikiliza pumzi za mtoto.

"Asante," akasema.

Nimetema katika nchi nyingi. Hakuna aliyewahi kunishukuru.

Nikapiga funda la pili, nusu kwa kazi, nusu kwa kuficha wasiwasi. Safari hii asali ilipita upesi, na chini yake ikaja karafuu. Haikuwa ya ukutani. Karafuu iliyotafunwa. Nyuma ya karafuu, dawa ya kifua. Na nyuma ya dawa ya kifua, polepole, utamu mzito wa jino lililooza.

Nililijua lile jino.

Aliyenifundisha kazi hii tulimwita Mzee Pua. Alikuwa na gego bovu alilokataa kung'oa kwa miaka, akiogopa ulimi wake utabadilika, na alilituliza kwa kutafuna karafuu asubuhi hadi jioni. Tumeonja naye kwenye glasi moja, kichwa kwa kichwa, mpaka pumzi yake nikaijua kama mtoto anavyolijua shati la baba. Mwaka jana akaanza kupotea. Mkewe alimkuta mezani anatafuna kipande cha sabuni ya kufulia akidhani ni jibini, povu limemjaa kidevuni, anaomba chai. Nilipokwenda kumuona hospitalini alikuwa hawezi tena kusema. Nilimtania kama kawaida. Akanyoosha mkono, akanibana midomo kwa vidole viwili, akabana mpaka machozi yakanitoka.

Nilicheka. Nilidhani amechoka na utani wangu. Tulimzika wiki hiyo.

Na sasa nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha meno, mdomo umejaa mate yake.

Nikashusha glasi. Uzi wa utelezi ukanyooka kutoka kwenye mdomo wangu hadi kwenye ukingo wa glasi, ukaning'inia, ukakataa kukatika. Mdomoni kile kitu kilikuwa kinazidi kuwa kizito. Nilihisi vipande vidogo laini vikipita juu ya ulimi.

"Tema, kaka," mwenye chupa akanong'ona. Ulimi wake ukabanduka. "Beseni hilo hapo."

"Vipi, shemeji?" akauliza shemeji. "Nzuri?"

Nikaliangalia beseni. Chini ya sakafu, mbao ilikuwa kimya. Ilikuwa inangoja.

Nikavikumbuka vile vidole viwili.

Nikameza.

Sijui nilieleze vipi. Ilishuka taratibu, ikishikilia kuta za koo kama mtu anayeshuka ngazi gizani, na kila ilipogusa ilikuwa na joto la mtu. Nikaisikia ikitulia tumboni. Jasho likanitoka mpaka nyuma ya magoti.

Mwenye chupa alinitazama bila hasira. Kwa huzuni kidogo, hata.

"Waonjaji wazuri hutema," akasema. Kisha akalifuta beseni kwa kidole, polepole, akaweka kidole kwenye ule mdomo wake mkavu. "Si neno. La kwanza linatosha kuanzia."

Nilitoka bila kandambili moja. Shemeji alinikuta nje nimeegemea ukuta, nikamwambia asinunue hata kizibo. Nikatapika yote palepale. Halafu, ili kusafisha mdomo, nikamega kipande cha mkate niliokuwa nimemnunulia mke wangu njiani.

Kitambaa.

Nikatafuna tena. Kitambaa kilicholoa. Na ndipo nikagundua kwamba hata yale matapishi hayakuwa na ladha.

Asubuhi tulirudi tukakuta chumba kimefungwa. Mlinzi wa jengo alituambia kwamba mpangaji kahama, na kwamba beseni lile bomba lake lilikatwa tangu daktari wa meno alipoondoka. Shemeji akauliza kuhusu stoo ya chini. Mlinzi akatuangalia kama tumelewa. Chini ya kile chumba, alisema, ni udongo.

Tangu siku hiyo naishi kwa kubahatisha. Kazini nanusa, maana pua nimeachiwa, na mengine natunga; mpaka sasa hakuna aliyeshtuka, jambo linalonifanya niitilie shaka kazi yenyewe. Nyumbani nasifia kila sahani. Mke wangu alianza kunitilia mashaka. Siku moja akamwaga chumvi ya makusudi kwenye mchuzi, na mimi nikaomba niongezewe. Alinishika tu mkono, akaushikilia, na chakula kikapoa.

Nikamweleza yote isipokuwa ladha ya lile funda. Kuna mambo humwambii mtu unayelala naye mto mmoja.

Juzi jioni nilikuwa bafuni. Niliporudi jikoni nilimkuta kasimama chini ya ile balbu, na glasi mkononi. Mezani kulikuwa na chupa. Lebo nyingine, jina jingine, dhahabu ileile. Shemeji kaletewa zawadi na mteja, kaiacha mlangoni kwa ajili yetu, maskini, hakujua. Sikuhitaji kuigeuza. Umri haukuwepo.

Alikuwa ameshameza funda moja. Ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama tangu tuoane.

"Baba watoto," akanong'ona. "Hii... hii ni mdomo wako. Mdomo wako wa asubuhi."

Na kabla sijamfikia akapiga funda jingine, dogo, kama mtu anayehakikisha. Uso ukamkunjika. Mashavu yakamjaa. Akaziba mdomo kwa kiganja akakimbilia sinki, na mimi nikauona ule uzi, unang'aa chini ya balbu, kutoka kidoleni kwake hadi kwenye glasi. Mate yangu. Mke wangu anatapishwa na mimi.

Bomba la maji lilikuwa limefungwa. Sinki lilikuwa kavu.

Chini yake, mahali pasipo na kitu ila ndoo na matambara...

Tone.

Nilimwahi shingo yake ikiwa imeshainama. Nikambana midomo kwa vidole viwili, nikabana kwa nguvu, mpaka machozi yakamtoka yakanilowesha mkono. Alinipiga kifuani. Alinisukuma kwa viwiko. Macho yake yaliniomba kitu ambacho mume yeyote angempa.

"Meza," nikamnong'oneza. "Nisamehe, mke wangu. Meza."