Katikati ya Ukurasa Hamna Kitu

"Mithika, umenitumia karatasi tupu?"

Simu nusura imponyoke. Ni Rwamba huyo, mpenzi wake, anapiga kutoka Embu, na sauti haina hata chembe ya sukari.

"Tupu vipi? Hujaona dhahabu?"

"Nimeona dhahabu, nimeona ndege, nimeona mawingu yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Katikati hakuna hata neno moja! Miezi saba unaniambia unaniandalia kitu, kumbe ni fremu?"

Mithika akahamishia simu sikio la pili, kana kwamba maneno yako upande huo. Uhaba wa maneno ndiyo shida aliyozaliwa nayo.

Alikuwa fundi wa nakshi katika chumba cha kupanga pale Majengo, Meru mjini. Alipamba kurasa kwa mtindo wa Kiajemi, kazi aliyofundishwa na mwenye nyumba wake, Mzee Swaleh. Brashi yake ilikuwa nywele tatu za paka, na msinibishie, paka wa Majengo wakimwona walikuwa wanapanda mabati. Dhahabu aliyobandika ilikuwa nyembamba, ukiipigia chafya hapo inaokotwa mji wa Maua. Kwa hiyo akifanya kazi hapumui. Siku moja majirani walimkuta ametulia hivyo, wakaanza kumtafutia sanda.

Miaka kumi na mitatu Swaleh aliandika, Mithika akapamba. Maneno kwanza, maua baadaye, na mwenye kupamba haandiki. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Kisha mwezi wa tatu Swaleh akafa. Hadi leo Mithika humimina chai vikombe viwili, akanywa kimoja, akaangalia kingine kikipoa.

"Wa kuandika alishakufa, Rwamba," akasema mwishowe.

"Najua, na nilikupa pole. Lakini sikutaka maneno ya Swaleh. Nilitaka yako."

"Mwandiko wangu ni mbaya."

"Basi sikiza. Jumapili Mwalimu Njue analeta wazee wao kwa mama kuniposa. Na huyo mwandiko wake ni mzuri sana!"

Akakata.

Mithika akakaa na simu mkononi mpaka chai ya marehemu ikaota utando. Akaandika meseji: "Rwamba." Akafuta. Akaandika: "Nisikize." Akafuta. Mwishowe akatuma: "Habari ya huko?"

Jibu likaja: "Mvua imenyesha."

Halafu lingine: "Mithika, wewe ni mtu ama ni ukuta?"

Jumamosi saa sita mchana, mlango wa Rwamba kule Embu ukabishwa.

"Nani?"

"Ukuta."

Rwamba akafungua. Hakucheka, lakini pia hakurudisha mlango. Mithika alikuwa amesimama na kalamu ya tete, na chupa ya wino ameifunga ndani ya soksi.

"Lete ile karatasi."

"Nani alikwambia sijaitupa?"

"Ilete, Rwamba. Tafadhali."

Rwamba akaenda kuitoa ndani ya Biblia kubwa ya mama yake, imelala humo bila kunyanzi. Akaiweka mezani, akakunja mikono kifuani.

"Sheria ya Swaleh je?"

"Atanisamehe."

Mkono uliozoea kuchora unyoya wa ndege kwa nywele tatu za paka sasa uliishika kalamu kama mpini wa jembe. Herufi zikatoka zimelala, kama uzio wa miti uliosukumwa na ng'ombe:

*Rwamba, nimechoka kula peke yangu.*

Hapo hapo tone la wino likaanguka, pwaa!

"Nimeharibu!" Mithika akaruka. "Miezi saba!" Akatoa mfukoni kipande chembamba cha dhahabu kilichobaki, akakilaza kiganjani. "Ngoja nifunike. Mzee alikuwa akimaliza maneno, mimi naweka nukta ya dhahabu mwisho. Ni kusema yameisha."

Rwamba akamshika mkono.

"Yameisha na nani? Mimi nimejibu?"

Akachukua kalamu, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu kuliko maneno yenyewe, na Mithika akaona mabega yake yakitikisika. Alipoinuka, chini ya ule mstari uliolala palikuwa na mwingine, nao umelala vilevile:

*Basi nawa mikono.*

"Na Mwalimu Njue?"

"Njue nitampigia mimi, leo hii. Wewe nawa, githeri inapoa."

Ndipo Mithika akapumua. Akapumua pumzi ya tangu mwezi wa tatu, yote kwa mpigo mmoja, na ile dhahabu ikaruka kiganjani, ikapotelea hewani. Wapo wanaosema ilitua kwenye sufuria.

Hakuifuata. Alikuwa anatafuta sabuni.