Bibi Mng'aro na Bamba Jeusi

Mama mkwe wa Mama Pacha alikuwa hawezi kuona masizi akanyamaza. Sufuria ikipita mikononi mwake, unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Ndiyo maana watu walimwita Bibi Mng'aro.

Siku ya pili tangu aje kuwatembelea, Mama Pacha alitoka kumwagilia miche akamkuta kwenye kigoda. Jasho lilimtiririka, tabasamu limefika masikioni.

"Mkwe wangu, nimekufutia aibu," alisema. "Lile bati ndani ya pipa lilikuwa jeusi kama kitako cha chungu. Nimelisugua kwa mchanga na majivu mpaka likasalimu amri."

Mama Pacha akachungulia. Bamba liling'aa kama sinia jipya.

Maji yenye mbolea kutoka bustani yake ya miche yalikuwa yakipenya hadi kisima cha majirani. Yalikuwa na naitreti, na pipa lile ndilo lililowekwa kuyasafisha. Naitreti haionekani wala hainuki, na ni hatari kwa mtoto mchanga. Kuchemsha maji hakuiondoi, huifanya izidi kukolea. Bwana Maji, mkaguzi wa visima, alikuwa amesema: "Ijumaa nikikuta bado yanatoka na naitreti, bustani naifunga." Na leo ilikuwa Jumatano.

Lakini mama mkwe unamkaripiaje?

"Ahsante, mama," alisema, machozi yakimlengalenga.

"Mnamwona?" Bibi Mng'aro akawaambia wajukuu. "Analia kwa furaha."

Mama Pacha alikimbia kumwita Dada wa Maabara, jirani aliyewafungia pipa lile. Dada alichovya karatasi ya kupimia kwenye maji yanayotoka. Ikawa nyekundu: naitreti tele.

"Nani amelisugua bamba?"

Mama Pacha akawatazama kuku.

"Mimi," Bibi Mng'aro akanyoosha mkono. "Na wewe ukiwa na sufuria, lete."

Dada akaketi chini. "Bibi, ule weusi haukuwa uchafu. Ni utando wa aloi, yaani shaba na nikeli zilizochanganywa pamoja. Umeme mdogo wa paneli ya jua ukipita pale, naitreti inageuka amonia. Amonia tunainasa, inarudi kwenye miche kuwa mbolea. Utando ule ndio kichocheo."

"Kichocheo ndiyo nini?"

"Ni kama mshenga. Anakwenda huku na huku, ndoa inafungwa, yeye anarudi kwake vilevile alivyokuja. Kesho anapeleka posa nyingine."

Bibi Mng'aro akashika kichwa. "Jamani! Nimemchuna mshenga ngozi!"

Mama Pacha alicheka bila kutaka. Kisha akapata moyo. "Mama, kosa ni langu. Sikukueleza."

"Na mimi sikuuliza. Ndiyo mara ya kwanza mkono wangu kuutangulia mdomo."

"Nina bamba moja tu la akiba," Dada alisema. "Likiharibika na hili, basi tena."

Lilipofungwa, Bibi Mng'aro alihamishia kigoda chake kando ya pipa. Hata chakula alikula hapohapo. Mwanawe, Baba Pacha, alipita na kitambaa mkononi.

"Mama, hili nalo limechafuka, nilipanguse?"

"Umechafuka wewe! Mwenzio yuko kazini."

Ijumaa Bwana Maji alifika, uso ameukunja. Akachovya karatasi. Wote wakakodoa macho. Ikabaki nyeupe. Akachovya nyingine. Nyeupe!

"Bustani iendelee," alisema. "Maji ya kisima tutayapima kila mwezi. Mpaka yawe safi, watoto wachanga wapewe ya bomba."

Mama Pacha alivuta pumzi kana kwamba alikuwa hajavuta tangu Jumatano.

Bwana Maji akainama juu ya pipa, akakunja pua. "Ila bamba lenu lina masizi. Mbona hamlisugui?"

Mama Pacha akawatazama tena kuku.

Bibi Mng'aro aliinuka polepole, akakisogeza kigoda.

"Keti hapa, mwanangu," alisema. "Mshenga unamjua?"