Alama Aliyonyimwa Trizah

Harufu ya omena iliingia nyumbani kwa Joash mchana, wakati wa kupika, ilhali hakuna aliyenunua omena tangu msiba. Ilikuwa harufu ya omena mbichi, dagaa ambao bado wana maji ya ziwa, na haikutembea. Ilisimama jikoni karibu na kigoda cha Trizah, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Joash alifundisha historia chuo kikuu, na kabla ya kuamini mapepo alimshuku kaka yake, Omanga. Sababu alikuwa nayo.

Nyuma ya boma lao pale Kosele ulisimama mwegea mkubwa, ule mti ambao Wajaluo huuita yago. Mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, tunda la mti huo huvikwa nguo zake na kuzikwa badala yake. Boma hili lilikuwa na jambo moja zaidi: tunda likishachumwa, gome huchanjwa alama, usawa wa kifua cha aliyepotea, na jina lake hutamkwa, ili mti ujue tunda limekwenda kwa nani. Alama za zamani zilikuwa zimepona, kingo zikavimba kama midomo iliyofumbwa. Joash alizipima, akazipiga picha, akaiandikia kaunti hadi mti ukatambuliwa kuwa urithi. Kisha akauzungushia seng'enge.

Mwaka haujaisha, mashua iliyokuwa ikimleta mkewe Trizah kutoka kisiwa cha Remba na magunia yake ya omena ikapinduka. Ziwa halikumrudisha. Tunda likazikwa ndani ya gauni lake la kijani, lakini Omanga alipokwenda na shoka kuchanja alama, Joash alimzuia mbele ya waombolezaji.

"Huu mti sasa unalindwa. Hauchanjwi."

"Na mke wako atalindwa na nani?" Omanga aliuliza, akaenda zake.

Kwa hiyo harufu ilipozidi, Joash alibadilisha kufuli, akafunga nyumba, akakaa kwenye zizi la ng'ombe na ufunguo mfukoni. Omanga alikuwa anaonekana ng'ambo, ameinama kwenye matuta ya viazi. Mvua ilianza. Ndipo harufu ikatambaa chini ya mlango, ikavuka ua uliolowa, ikamfikia mahali alipokaa, na nyuma yake ikaja sauti ya mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mara moja, kimya, mara nyingine, jinsi Trizah alivyougonga alipomaliza kusonga ugali, na Joash akajikuta amesimama mlangoni, ufunguo tayari ndani ya kufuli, kufuli limekwisha kufunguka, bila kukumbuka alivyovuka ua.

"Baba Liz," sauti ya Trizah ikaita kutoka ndani. "Njoo ule."

Hakuusukuma mlango.

"Shemeji! Unanukisha omena hivyo, umepata mpishi na hutuambii?" Alikuwa Priscah, mke wa Omanga, na beseni la viazi kichwani. Kisha akamwona uso.

"Baba Liz," ikaita tena.

Priscah aliteremsha beseni polepole. "Yesu. Huyo ni Trizah."

"Sauti ni yake," Joash alinong'ona. "Lakini Trizah hakuwahi kuniita Baba Liz. Hata siku moja."

"Nani alikuita hivyo?"

"Pasta. Pale kaburini."

Wakatazamana.

"Basi kinajua tu kile kilisikia pale," Priscah alisema kwa sauti ya chini. "Tuliweka tunda na hatukuuambia mti ni la nani. Tumekiachia nafasi. Shemeji, Liz anafunga shule leo. Atalala humu?"

Joash aliuacha mlango, akaenda kukata seng'enge kwa mikono yake. Omanga alileta shoka.

"Na watu wa kaunti wakija?"

"Waambie ni mimi."

Kichwa cha Trizah kilimfikia kidevuni, kwa hiyo hakuhitaji kupima usawa wa kifua chake. Alichanja, gome likabanduka, mti mweupe ukaonekana umelowa.

"Sema ni nani," Omanga alimwambia.

"Ni Trizah." Alitaka kuishia hapo. Lakini tangu mazishi hakuwa amesema na mkewe, na alikuwa amekwisha kuinama, paji la uso limeegemea pale palipochanjwa. "Ni mimi, Karani wako," akasema. Trizah alimpa jina hilo siku ya kwanza kule Remba, alipomkuta akiandika majina ya mitumbwi ufuoni, na halikuwahi kutoka nje ya chumba chao. "Nenda upumzike. Karani amekuja kukuaga."

Waliporudi, mvua ilikuwa imekatika. Priscah alivuta hewa uani mara mbili, akacheka huku analia. Harufu ilikuwa imekwisha.

Mlango ulikuwa wazi. Sanduku la shule lilikuwa kizingitini, na ndani Liz alikaa mezani na sare yake, mikono mapajani, macho kwenye mlango wa jikoni. Joash alimkumbatia. Mtoto hakugeuka.

"Umekuja saa hii?"

"Nilikuta kufuli limefunguliwa." Kisha, kwa sauti ndogo sana: "Baba, Karani ni nani?"

Jikoni, mwiko uligonga ukingo wa sufuria.

"Mama anamwita," Liz alisema. "Anasema chakula kinapoa."