Buti la Papa Espe Liliisha Chini, Nami Nikasingizia Mawe

Nina miaka thelathini na saba, mama wa watoto watatu, ninauza maharagwe hapa Mabanga, Goma. Wasomaji wenzangu, ninawaelezea haya nikiwa na hasira bado. Musinihurumie kwanza... munisikilize.

Bwana yangu, Papa Espe, ni motari, anabeba watu na mizigo kwa pikipiki. Tangu tuoane mikono yake haijatulia: redio, kitasa, jiko, kila kitu lazima akifungue aone ndani. Nilikuwa najivuna! Wamama wengine wanapeleka vitu kwa fundi, miye fundi nalala naye.

Siku moja akasema piki yake inakataa muzigo, ukiipakia magunia inachuchumaa nyuma. Basi akaifungua hapo parsele, uani kwetu, mbele ya mulango wa jikoni. Akarefusha vyuma vinavyoshika gurudumu la nyuma, akaweka amortisa, zile springi za nyuma, ngumu za piki kubwa. Sasa chuma cha freni, yaani breki, kile kinachotoka kwenye pedali kwenda gurudumu, kikawa kifupi. Akaazima kwa jirani mashine ya kusude, ya kuchomelea vyuma, akakiunga na kipande cha feri, chuma cha kujengea nyumba. Na freni ya mbele? Alikwisha kuitoa zamani. Motari wengi hapa wanaitoa, wanasema itakutupa mbele ukiwa na muzigo. Kwa hiyo ilibaki freni moja tu... ile ya kuungwa!

Aliijaribu hapo hapo parsele, bila muzigo, watoto wakipiga makofi. Ikashika vizuri. Na miye nikapiga makofi.

Haikupita muda nikaona buti lake la kulia linalika chini. Kidole kilikuwa karibu kutoka! Nikamugombeza, nikamuambia anatembea kama mutu anayeburuta maiti. Akajibu ni mawe ya volkano. Na nani Goma atabisha hapo? Mawe yetu yanakula viatu vya kila mutu, vya tajiri na vya masikini. Na miye nikayalaumu mawe.

Kisha akakata kipande cha pneu kuukuu, mupira wa gurudumu, akakipigilia misumari chini ya buti lile. La kulia tu. Nikamutania mbele ya majirani: sasa bwana yangu ana gurudumu la tatu! Tukacheka sote. Yeye hakucheka... Kwa nini sikuuliza? Mawe gani yanakula muguu mumoja?

Nina mudogo yangu, Muhindo. Mama yetu alipofariki kule Butembo nilimulea miye. Alikuwa kijana mukubwa sasa, anabeba mizigo pale soko la Kituku, na mbuzi za kupeleka kwa wazazi wa muchumba wake zilikuwa tayari, zimefungwa nyuma ya nyumba yangu. Kelele zao ndizo zilikuwa zikituamsha asubuhi.

Maharagwe yangu yalikuwa yananingoja kwenye mji wa Kiwanja, mbali na Goma. Papa Espe ndiye aliyezoea kuyaleta, lakini asubuhi ile akasema mugongo unamuuma. Muhindo akajitolea. Nikafurahi! Nikamupa chai, nikamupa kamba za kufungia magunia.

Alipokwisha kuwasha piki, akamugeukia bwana yangu.

"Shemeji, freni iko muzuri?"

"Iko muzuri. Ukuje polepole tu."

Niliyasikia kwa masikio yangu. Na niliona kitu kingine. Papa Espe alitazama miguu ya Muhindo. Muhindo alikuwa amevaa basketi nyeupe za kitambaa, zile alizonunua kwa ajili ya harusi. Bwana yangu alizitazama muda mrefu, akafungua mudomo... akaufunga. Akaingia ndani.

Kwenda, piki ilikuwa tupu, freni ikashika. Kurudi ilikuwa na magunia yangu. Kwenye muteremuko wa Kibumba, kabla ya kuingia Goma, pedali ilizama mpaka chini kama haikufungwa na kitu. Motari waliokuwa nyuma yake waliniambia alikuwa akipiga kelele watu watoke njiani, muguu wake ukiwa chini kwenye barabara. Hakumugonga mutu hata mumoja. Akakutana na lori lililosimama.

Mudogo yangu alifia pale pale, katikati ya maharagwe yangu.

Waliniletea basketi yake ya kulia. Juu bado ilikuwa nyeupe. Chini hapakuwa na soli. Ndipo nikakumbuka buti!

Sikungoja matanga yaishe. Nililichukua buti lile lenye pneu, nikaliweka karibu na basketi, mbele ya bwana yangu. Nikamuuliza alijua tangu lini. Alilia. Akasema alijua tangu muzigo wa kwanza: nyuma ikishuka, chuma kile kinalegea, freni haishiki. Alikuwa anazuia piki na muguu, anauburuta chini. Juzi yake tu alikuwa ameponea chupuchupu kwenye muteremuko ule ule, akaogopa kurudi. Nikauliza, sasa kwa nini ukamuruhusu Muhindo?

"Nilisikia haya kusema, Mama Espe. Parsele nzima wananiita fundi. Nikazani na yeye atazuia na muguu."

Haya! Nilizika mutu kwa sababu ya haya! Nikamuacha, nikahamia na watoto wangu kwa shangazi yangu, na mbuzi zile zikaliwa kwenye matanga badala ya harusi.

Leo kabla ya kupanda piki ninamuambia motari anyanyue muguu nione soli yake. Wananicheka, wananiita mama wa viatu. Wacheke tu! Dada zangu, na nyinyi muangalie. Na wewe papa unayefungua piki yako nyumbani, nakuomba, usiijaribu tupu ukafurahia makofi. Ijaribu na muzigo. Ikikushinda, peleka kwa mwenye kazi yake, na ubaya wake useme mapema, mutu akiwa bado amesimama mbele yako anakuuliza. Muhindo aliuliza.