Mti wa Mpaka Uliokatwa Pichani

Siku zote za likizo Tabisa aliamka alfajiri, akachota maji, akafagia ua, kisha akamfuata mama yake, Medius, kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Kazi yao ilikuwa kukanda matope na kuziba kingo za kidimbwi chao cha kuvunia chumvi. Jua la pale halina huruma, na chumvi ikiingia kwenye mkwaruzo, utaruka! Wakipumzika, Tabisa alichukua simu ya mama yake na kuanza kukata picha, akiondoa pande asizozitaka. Hapo alikuwa fundi kweli, na wenzake walimletea zao azitengeneze.

Likizo ilipokaribia kwisha, mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Maji yakapanda, yakabomoa kingo na kung'oa miti iliyochomekwa kuonyesha mipaka ya vidimbwi. Maji yalipopungua, majirani walikutana mbele ya mwenyekiti wa kamati, mzee Gidioni, ili kila mmoja aseme mti wake ulikuwa wapi. Gidioni alikuwa mwanajeshi mstaafu, na watu wote walimwita afande.

"Mti wetu ulikuwa hapa, kwenye jiwe jeusi," alisema Medius.

Jirani yao Loyi, mjane mwenye kidimbwi kidogo kuliko vyote, alishika kiuno. "Mama Tabisa! Jiwe hilo liko ndani kwangu, hatua tatu nzima. Unasema nini mbele ya watu?"

"Kelele basi!" aliamuru Gidioni. "Mwenye ushahidi alete kesho."

Tabisa alikuwa nao. Wakati wa Krismasi, mama yake alivuka mpaka kwenda kumsaidia Loyi kuvuna, na Tabisa akawapiga picha wakicheka kando ya jiwe. Mti wa mpaka ulionekana kushoto, palepale aliposema Loyi. Tabisa aliujua ukweli. Lakini alisogeza kidole, Loyi akatoweka. Akasogeza tena, mti nao ukatoweka. Alibaki mama yake peke yake, jiwe, na rundo la chumvi.

Kesho yake Medius alimpa Gidioni simu, naye akaitazama picha hiyo. "Huyu anavuna kwenye jiwe. Basi mpaka ni hapo."

"Lakini nilikuwepo!" Loyi alilia. "Nilisimama kando yake, afande!"

"Sikuoni, mama."

Muhula ulipoanza, kiti cha Night, binti wa Loyi, kilikuwa kitupu. Alikuwa amepelekwa mji wa Bwera kwa shangazi yake, kuuza ndizi sokoni, maana kipande cha kidimbwi kilichobaki hakikutosha kumsomesha. Tabisa alikaa darasani asisikie neno hata moja. Jioni alimwendea mama yake jikoni.

"Mama, nitamwambia afande ukweli."

Medius hakugeuka. "Umenyamaza wiki tatu. Nyamaza na ya nne."

"Lakini ulijua mti ulikuwa wapi."

"Na madaftari yako mapya, unadhani yalianguka kutoka mbinguni?"

Maneno hayo yalimchoma. Hata hivyo, aliichukua simu na kwenda kwa Gidioni. Aligusa alama ya kurudisha, na picha ikafunguka nzima: Loyi akicheka kando ya Medius, na mti wa mpaka ukionekana wazi.

"Simama sawa!" Gidioni alisema. "Nani alikata?"

"Mimi, afande."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna." Alitamani angekuwepo mtu wa kumtaja.

Asubuhi mti ulirudishwa mahali pake mbele ya watu wote. Medius aliinamisha kichwa, kisha akaondoka bila kumngoja binti yake. Chumvi ya pale kwenye jiwe alikuwa amekwisha kuivuna na kuiuza. Tabisa alipiga magoti mbele ya Loyi.

"Nisamehe, mama."

"Nimesikia. Inuka," Loyi alijibu, akiangalia maji. "Night nitamwita arudi. Sijui kama atataka kukaa karibu na wewe."

Tabisa alilia kwa sauti. Gidioni alimsubiri mpaka aliponyamaza.

"Mimi niliiamini simu nikamwacha mwanamke aliyesimama mbele yangu. Hilo ni kosa langu, na nimemwomba msamaha," alisema. "Lako ni hili, mtoto: ulimfuta jirani yako kwa kidole kimoja, ukaenda kulala. Kukata picha si vibaya. Lakini ukikata ukweli, kuna mtu anaumia, na kumrudisha kwenye picha hakumrudishii alichopoteza. Ukweli ungeusema siku ya kwanza, ungekuwa mwepesi. Sasa chukua jembe, kingo za Loyi hazijazibwa."

Tabisa alikanda matope mpaka jioni. Loyi alifanya kazi upande wa pili wa kidimbwi.