Mgeni wa Meza ya Wafu

Sikukuu ya wafu ilikuwa imepita mjini Oaxaca na meza ya kuwaandalia marehemu imeshavunjwa, lakini ofisi ya Baltazar bado ilinuka ubani na maua ya manjano yaliyoipamba. Ulises, mkuu wa tovuti, alifungua madirisha yote. Harufu ikazidi.

"Dada Nereida, njoo uone," akanong'ona.

Kwenye kompyuta yake palikuwa na ukurasa wa viongozi wa kampuni yao ya kubuni chapa na tovuti. Picha ilikuwa ya watu watatu: Baltazar mkurugenzi, Ulises, na Nereida, mkuu wa ubunifu. Sasa walikuwa wanne. Nyuma ya Nereida alisimama mwanamke mrembo kupindukia, kajitanda shela, mkono wake begani kwa Nereida.

"Acha utani, Ulises."

"Naapa kwa Bikira! Namfuta, anarudi."

Sura ile waliijua. Loo, wangeachaje kuijua! Baltazar alitaka meza ya wafu ya ofisini ipigwe picha, wateja waione kwenye tovuti. Nereida akaleta picha ya marehemu mama yake, Eulalia, muuza tamale, vile vyakula vya unga wa mahindi vya kupikwa kwa mvuke, pale stendi, aliyeungua shavu kwa mvuke wa sufuria. Baltazar akakunja pua.

"Mungu amrehemu, lakini huyu kwenye kamera hapana. Tumweke huyu."

Akatoa picha kuukuu ya mwanamke mrembo mwenye shela, asiyejulikana, aliyoiokota kwenye soko la mitumba. Na Nereida, mtoto wa kumzaa, alifanya nini? Alicheka kidogo, akamtia mama yake kwenye droo. Aibu iliyoje! Wakamwandalia mtu wasiyemjua mkate, maji na chokoleti, wakamwashia mishumaa.

Sasa, mchana wa siku hiyo picha ilipopata mtu wa nne, kiti cha Nereida kikaanza kulia kama kimekaliwa, na shela ikasikika ikiburuzwa sakafuni kutoka mlangoni hadi kwa Baltazar na kurudi, na ile harufu ikamjaa Nereida kinywani akawa kama anatafuna maua, na alipotazama tena ile picha ya kwenye kompyuta akaona mkono umetoka begani umefika shavuni kwake, unampapasa.

Wakamwita Doña Crispina, mganga wa mtaa wa nyuma. Alifukiza ubani, akapiga kuta kwa majani, kisha akasimama.

"Mmemwita, mmemlisha, kwao hampajui. Nimrudishe wapi? Nafasi ile ilikuwa ya nani?"

Baltazar alionyesha kidole droo ya Nereida.

"Ya mama yangu, bibi," Nereida alisema, machozi yakimtoka. "Nilimwonea aibu."

Akavuta droo. Fremu ilikuwepo. Ndani yake ulibaki ukuta wa stendi na sufuria, mtu hakuna.

"Alikuja, mwanangu. Kakuta pamekaliwa, kaondoka," bibi alisema.

"Atarudi?"

Bibi alikusanya majani yake. "Hilo sijui. Na huyu mgeni simwezi. Aliyemkaribisha ni mtoto wa mwenye nafasi."

Jioni Nereida alifungua mlango wa nyumba yake akapokewa na harufu ya tamale. Jikoni vifuniko viligongana. Sauti asiyoijua, nzuri na laini, ikamwita.

"Mwanangu, umerudi? Umekula?"

Alitaka kusema, wewe si mama yangu. Lakini hayo alikwisha kumwambia mama yake wa kumzaa, kwa mkono wake mwenyewe, siku ile ya droo. Akavua viatu, uso ukimuwaka kwa aibu.

"Bado, mama," akajibu.