Suruali ya Kinga Ndani ya Beseni

Mimi ni Muhanna bin Sami bin Bader. Babu yangu, Bader, alitoka Oman, akapita Ujiji, akasafiri ziwani na kushuka hapa wakati mji wetu wa Bujumbura ungali ukiitwa Usumbura. Aliuza vitambaa, na katika miaka yote ya biashara yake hakuna mteja aliyerudi kulalamika kwamba amepunjwa hata nusu yadi. Baba yangu, Sami, alirithi duka pamoja na jina hilo jema. Majirani walipogombana walimwendea yeye awapatanishe, Waislamu na Wakristo sawasawa. Alitembea taratibu, kanzu yake ikifunika viatu, bakora mkononi, na watu wakasema hiyo ndiyo haiba ya mtu aliyelelewa vizuri. Nami niliwaacha waseme.

Nimeanza na wazee wangu kwa sababu kosa nitakalolisimulia nililitenda kwa kulitumia jina lao.

Nyumba tunayokaa, mtaani Rohero, aliijenga baba, na mparachichi ulio uani aliupanda kwa mkono wake. Mwaka huu tawi lake kubwa lilioza na kuegemea paa la jikoni, na mvua zilikuwa karibu kuanza. Tena, Jumamosi ile baada ya sala ya alasiri tulikuwa na hitma ya kumwombea marehemu baba, na wageni wangekaa uani pale pale. Nikamwita Valéry, fundi wa kukata miti anayekaa Musaga, aje asubuhi na mapema.

Mjukuu wangu Nura ana umri wa miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi kazi yake ya kwanza ni kufagia baraza na kulipiga deki. Katika nyumba yangu baraza lina heshima yake: haliwekwi ndoo, wala tambara la mafuta, wala kiatu chenye tope. Nura anaijua sheria hiyo vizuri, kwa kuwa amekwisha kuadhibiwa kwa kuivunja.

Valéry alifika pamoja na shemeji yake Divin, mtu mzima mwenye mvi ambaye kazi yake ni kushika kamba za kuteremshia matawi. Kabla ya kuugusa msumeno wa injini, ambao wao huuita tronsonezi, Valéry alifungua gunia na kuvaa kimoja kimoja: buti zenye chuma mbele, glavu, kofia ngumu yenye wavu wa kukinga uso na vifuniko vya masikio, na juu ya suruali yake ya kawaida akavaa suruali nyingine nene ya rangi ya machungwa. Nura aliacha kufagia, akasimama kumtazama.

"Tonton, huoni joto?" akamwuliza, akimwita mjomba kwa Kifaransa cha mjini.

"Naona sana, mutoto wangu. Lakini joto linaisha jioni." Valéry akamnyooshea mguu. "Gusa hapa. Ni nzito, si ndiyo? Ndani mna nyuzi ndefu, nyingi sana. Mnyororo ukigusa hapa, nyuzi zinatoka, zinauzinga, tronsonezi inasimama. Mi nabaki na muguu wangu."

"Na mi nabaki na shemeji," Divin akadakia, "ingawa huyu si wa kumulilia sana."

Nura akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeketi barazani na bakora ya baba, ambayo ndiyo natembelea siku hizi, na nikaona nafasi ya kuwafunza watu.

"Siku hizi fundi akija kukata tawi moja huvaa kama anakwenda vitani," nikasema. "Marehemu baba yangu alikata miti uani hapa kwa shoka, kavaa shuka na fulana, miguu mitupu. Na hakupata hata mchubuko."

"Wazee walikuwa hodari, mzee," Valéry akajibu kwa adabu. "Mi si hodari. Ndiyo maana navaa."

Walifanya kazi hadi adhuhuri, na lile tawi kubwa likateremshwa kwa kamba, likalala chini. Kazi iliyobaki ilikuwa kulikatakata vipande na kuvitoa nje. Mke wangu, Radhia, aliwapakulia wali na samaki. Kwa desturi yetu, mtu anayekaribishwa chakula haachwi ale pembeni peke yake. Huingia akaketi mkekani pamoja na wenye nyumba. Valéry, kwa kuiheshimu desturi hiyo, alivua buti, kofia na ile suruali iliyojaa mafuta na unga wa mbao, akaviacha barazani. Tulipokuwa tukila nilimwambia Nura, mbele ya watu wote, "Wageni wanakuja alasiri. Nikitoka hapa nisikute uchafu barazani."

Nura alitoka. Alichokifanya nilikuja kukijua siku ya pili, lakini nakisimulia hapa kwa utaratibu wake. Aliweka buti na kofia chini ya ngazi. Kisha akaishika suruali, mafuta yakamchafua mikono, naye akaona kwamba kuiondoa tu hakutoshi. Akaipeleka nyuma ya jikoni, akaitumbukiza katika beseni la maji ya sabuni. Alitaka fundi aikute safi. Moyo wake ulikuwa mwema, wala hilo sitalikanusha kamwe.

Valéry alipomaliza kula na kunawa, alizikuta buti na kofia, lakini suruali hakuiona.

"Nani ameona pantalo yangu?" akauliza. Akainama kutazama chini ya benchi. "Shemeji, umeificha?"

"Nitaificha wapi, hunioni nilivyo mwembamba?" Divin akasema.

Nura alisikia kila neno. Alikuwa amesimama nyuma ya pazia la jikoni, mikono imejaa povu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba suruali iliyoloa haiwezi kukauka kwa saa moja. Akakumbuka pia kwamba katika nyumba hii ni marufuku kugusa kitu cha mtu bila ruhusa yake. Akanyamaza, akingoja itafutwe kidogo na kisha isahauliwe.

"Mi siwezi kuanza bila pantalo, mzee," Valéry akaniambia. "Tuitafute kwanza. Apana haraka."

Saa yangu ilionyesha saa nane na nusu. Uani kulikuwa na tawi limelala kama mzoga, viti havijapangwa, na sala ya alasiri ilikuwa inakaribia. Nikainuka, nikagonga bakora sakafuni.

"Umekwisha kushuka mtini, Valéry. Tawi liko chini, halina pa kukuangusha. Nimekwambia baba yangu alifanya kazi hii miguu mitupu na akazikwa mzima kama alivyozaliwa. Au unataka wageni wake waketi juu ya majani?"

Valéry alinitazama, kisha akatazama chini. Mtu wa makamo hawezi kubishana na mzee mwenye mvi nyumbani kwake, baada ya kula chakula chake. Akavaa kofia na glavu, akafunga buti, akawasha msumeno.

Haikupita robo saa. Kitawi kimoja kilikuwa kimekunjwa chini ya uzito wa tawi lile kubwa, kikijikaza kama upinde. Msumeno ulipokigusa, kilifyatuka, kikaurusha msumeno nyuma, na mnyororo ukapita juu ya paja lake la kushoto. Injini ikazimika. Valéry aliketi chini polepole, kama mtu aliyechoka, akashika mguu kwa mikono miwili. Divin ndiye aliyekimbia, akavua shati lake na kulikandamiza juu ya jeraha kwa nguvu zote.

"Mzee, gari," akaniambia.

Tulimfikisha hospitali akiwa na fahamu. Daktari alimshona nyuzi ishirini na tatu na kutuambia kwamba msuli umekatika, ila mfupa ni mzima. Atatembea, lakini kwa wiki nyingi hatapanda mti. Kisha akauliza, "Hakuwa na suruali ya kinga?" Nikajibu kwamba ilipotea. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa kadiri nilivyojua, lakini sikumwambia ni nani aliyemhimiza aanze bila hiyo.

Hitma ilisomwa, nami nikafika mwishoni, kanzu yangu ina madoa ya damu. Mgeni mmoja akaisifu haiba ya marehemu na ile bakora yake. Sikuweza kuinua uso.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta Nura nyuma ya jikoni. Alikuwa ameianika suruali, nayo ilikuwa bado ikidondosha maji. Alisimama chini yake, matone yakimwangukia begani, wala hakusogea.

"Babu, haikupotea," akasema. "Niliiloweka mimi. Nilimsikia Tonton akiitafuta nikanyamaza."

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa."

Nilifungua kinywa kumkaripia. Maneno yalikuwa tayari, yale yale ninayoyatumia siku zote: heshima, ukweli, jina la ukoo. Lakini mkono wangu ulikuwa umeikamata bakora ya baba, na kwa mara ya kwanza niliona aibu kuishika.

"Keti, Nura," nikamwambia. Tukaketi kwenye ngazi ya jikoni. "Unajua kwa nini baba yangu alitembea na bakora hii?"

"Kwa haiba," akajibu. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha.

"Si kwa haiba. Pale unapouona mparachichi palikuwa na mkaratusi. Baba aliukata kwa shoka, miguu mitupu, kama nilivyomwambia Valéry. Shoka lilimteleza likamkata vidole vitatu vya mguu wa kulia. Nilikuwa na miaka saba. Mimi ndiye niliyemletea maji. Tangu siku ile hakuvaa kanzu isiyofika chini, ili watu wasiuone mguu. Akapanda mparachichi mahali pale, wala hatukulizungumza tena."

Nura aliitazama bakora. "Kwa hiyo jana ulijua," akasema.

"Nilijua."

Siku hiyo hiyo tulikwenda Musaga. Valéry alikuwa amelala juu ya godoro sebuleni, mguu umeinuliwa kwa mito. Mkewe, Nella, alitupatia viti bila kutukaribisha kwa maneno. Nura alisimama mbele ya Valéry, suruali mbichi imekunjwa mikononi mwake, akaeleza yote bila kuficha. Alipofika mahali pa kunyamaza nyuma ya pazia, sauti ilimkatika, lakini akamaliza.

Valéry aliishika suruali, akaipapasa. "Ningeivaa hivyo hivyo, imeloa," akasema. "Nyuzi ziko ndani, maji haziogopi. Ungesema tu."

Hakulisema kwa ukali. Nadhani ukali ungelikuwa mwepesi zaidi kuubeba.

Nella akauliza kutoka mlangoni, "Mutoto aliogopa nini, hata ashindwe kusema neno moja?"

"Aliniogopa mimi," nikajibu. Kisha nikamgeukia mumewe. "Na wewe, Valéry, uliniheshimu mimi. Nami niliwadanganya wote wawili." Nikawasimulia habari ya mkaratusi na vidole vitatu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisimulia nje ya nyumba yangu, na niliisimulia nikiwa nimeuinamisha uso mbele ya mtu ninayemzidi miaka thelathini.

Divin, aliyekuwa ameketi pembeni, akasema, "Basi mzee wenu naye alihitaji shemeji wa kumushikia kamba." Valéry akatabasamu kidogo. Nella hakutabasamu, lakini alikwenda kuleta chai.

Mahitaji ya nyumba ile yalikuwa juu yangu hadi Valéry aliposimama tena, na huo haukuwa ukarimu, ulikuwa wajibu. Baada ya miezi mitatu alirudi kwetu kumalizia kazi, akichechemea kidogo. Nura alikuwa amemsubiri tangu alfajiri. Alimpokea gunia, akamkabidhi buti, glavu na kofia, na suruali akaitoa mwisho, kavu na imekunjwa vizuri, akaiweka juu ya baraza langu lililopigwa deki.

"Vaa kwanza, Tonton," akasema, "ndipo tuwashe."

Mimi nilikuwa nimeketi pale pale pa siku zote. Nilivuta kiti changu nyuma, mbali na mti, nikasubiri hadi kifungo cha mwisho cha kofia kilipofungwa. Gunia lake liliacha mafuta barazani, na sikumwita mtu aje kuyafuta.

Sasa nasema na ninyi vijana mnaosoma haya, na nataka mnisikilize. Nura alikosea mara moja kwa kutenda na mara ya pili kwa kunyamaza, na la pili ndilo lililomwaga damu. Mimi nilikosea zaidi yake, kwa kuwa nilikuwa na umri wa kujua. Msumeno haujui jina la ukoo wa mtu, wala haupunguzi makali kwa sababu wageni wanakuja. Kwa hiyo vaeni vifaa vya kinga, hata kama kazi ni ya dakika tano na hata kama mzee anawacheka. Mzee akiwacheka, mwambieni kwa adabu kwamba hamtaanza. Na mkikosea, semeni hapo hapo, wakati neno lenu bado linaweza kuuokoa mguu wa mtu.